Ukiona Imefanya Kazi, Hapo Ndo Uogope

(Haya niliyaongea Jumamosi mchana mbele ya kina mama wenzangu hapa Houston, kwenye ule ukumbi wa apatimenti. Wengi walikuwa kazini wakaomba niandike, basi nimeandika kama nilivyoongea, sijapunguza wala sijapamba.)

Shikamooni mama zangu. Dada zangu mambo. Wa Kongo kule nyuma jambo yenu. Hawa watoto wanaokimbizana hapo mlangoni mama yao awashike kidogo, sitachukua muda, nimeliona sufuria la pilau likiingia na mimi mwenyewe nimetoka shifti ya usiku sijala kitu.

Niliambiwa niongee kuhusu afya, mada nichague mwenyewe. Nikataka niongelee presha, nikaona aah presha kila mtu anaongelea. Halafu wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp mtu akatuma picha ya kopo la kijani la vidonge vya kupunguza mwili, lina jani na kiuno cha mwanamke, kaandika zimebaki kopo sita, kilo saba kwa siku kumi, asilia mia kwa mia, haina kemikali. Saa moja haikuisha zile sita zimeshaondoka. Simtaji na wala sikuja kumsema, najua na yeye anazimeza na anachokiuza anakiamini kwa moyo wote. Ila mada nikawa nimepata.

Mnakumbuka swali la kwanza lililoulizwa pale chini ya picha? Hakuna aliyeuliza ndani kuna nini. Waliuliza "inafanya kazi?" Watatu wakajibu inafanya, mmoja akaandika jamani mimi nasahau hata kula, wenzake wakampigia makofi. Mimi hapo nikaweka simu chini. Maana miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta ya famasi sijaona jani la kuchemsha linalomfanya mtu mzima asahau kula. Kuna dawa zinazofanya hivo. Zina majina yake, zina dozi zake, zingine zilishaondolewa sokoni kwa sababu zilikuwa zinaumiza watu, na sa hivi zinauzwa zikiwa zimevalishwa lebo ya jani.

Nianze na mimi mwenyewe ili msije mkasema huyu anajifanya anajua.

2009 niko Dar, dada yangu anaolewa, sendofu imebaki wiki mbili na gauni niliposhona fundi alichukua vipimo vya matumaini. Mnacheka lakini mnanielewa. Nikaenda saluni kusuka, yule dada wa saluni akafungua droo akatoa kopo, akasema hizi za mitishamba za Kichina, moja asubuhi kabla ya chai. Bei ilikuwa kubwa lakini sendofu ni sendofu. Nikaanza kesho yake.

Siku ya pili njaa haipo. Nakaa mezani naangalia wali nazi wa mama, wali ninaoujua, unanukia vilevile, lakini kama vile umepikiwa mtu mwingine. Nikafurahi, nikawatumia wenzangu meseji. Siku ya tatu mdomo umekauka, yani ulimi unanata juu kama nimelamba ukwaju, nakunywa maji chupa baada ya chupa na mdomo mkavu. Usingizi ukakata. Saa nane ya usiku nimelala chali nahesabu moyo wangu unavyopiga, na haukuwa unapiga kifuani tu, nausikia sikioni kwenye mto, du du du du, kama mtu anapanda ngazi na mimi nimelala. Choo hakuna siku nne.

Siku ya tisa nikaona huu sasa si mchezo, nikaenda hospitali. Daktari kijana, mpole, akanipima presha, akairudia, akaniangalia. Akaniuliza unatumia dawa yoyote? Nikamjibu hapana.

Hapo naomba tusimame kidogo. Sikumdanganya yule daktari. Kwa akili yangu dawa ni Panadol, dawa ni ya malaria, hii yangu ilikuwa majani tu ya kupunguza mwili, tena kopo limeandikwa asilia, sasa niitaje kwa nini? Nikasema hapana na uso mkavu kabisa. Yeye akaandika wasiwasi na kukosa usingizi, mambo ya harusi, akaniandikia amitriptyline nimeze usiku nipate kulala. Famasi ya jirani haikuwa nayo, nikaambiwa niende mjini, nikaona jua kali nikarudi nyumbani. Uvivu tu. Miaka baadaye nimekaa darasani huku nasomea famasi, mwalimu anaongelea dawa zisizotakiwa kukutana mwilini, nikaona amitriptyline upande huu na upande wa pili nikaiona ile niliyokuja kuamini ndo ilikuwa kwenye kapsuli zangu, maana kila dalili niliyopata iko kwenye orodha yake. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Yule daktari angeweza kuniua kwa dawa sahihi, na kosa lisingekuwa lake.

Hiyo dawa inaitwa sibutramini. Nataka mlijue jina hilo kama mnavyojua jina la mwenye nyumba wenu.

Sibutramini ilitengenezwa Uingereza, mwanzoni waliitafutia kazi ya kutibu huzuni, ile dipresheni. Huzuni haikuitibu vizuri lakini wakaona watu wanaoimeza wanapungua. Basi ikageuzwa, 1997 Marekani ikaipitisha kama dawa ya unene, ikauzwa kwa jina la Meridia, Ulaya wakaiita Reductil. Inavyofanya ni hivi: ubongoni kuna kemikali mwili unazitoa kisha unazifyonza tena, sibutramini inazuia zisifyonzwe, zinabaki zinaelea pale, ubongo unajiona umeshiba. Sasa moja ya kemikali hizo ndo ileile mwili unayoitumia ukikutana na mbwa mkali gizani. Kwa hiyo tumbo linanyamaza lakini moyo unakimbia na presha inapanda. Huwezi kuchukua nusu ukaacha nusu, ni kifurushi kimoja.

Na wakati huo ilikuwa inatolewa kwa cheti cha daktari, dozi ya juu miligramu 15 kwa siku, mgonjwa anapimwa presha kila anaporudi. Pamoja na hayo yote wakafanya utafiti mkubwa, SCOUT, watu 9,804 wa miaka 55 na kuendelea wenye ugonjwa wa moyo au kisukari. Walikuwa wanahesabu nani amepata mshtuko wa moyo, nani amepata kiharusi, nani moyo umesimama, nani amekufa kwa moyo. Waliopewa vidonge bandia, visivyo na dawa ndani, yaliwapata watu 10 katika mia. Waliopewa sibutramini 11.4. Mtu atasema aah tofauti ndogo. Ndogo kama siyo mama yako. Januari 2010 Ulaya wakaisimamisha, Oktoba 2010 ikaondolewa Marekani. Huo ndo ukawa mwisho wake famasini.

Kwenye makopo ya kijani haikuisha. Desemba 2008, kabla hata haijaondolewa, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku Marekani, walishatoa onyo la bidhaa 28 za kupunguza mwili walizozipima wakakuta zina dawa ambazo lebo haizitaji, na miezi michache tu orodha ikapita 60. Kisha kuna watafiti waliokaa wakapitia orodha yote ya FDA ya kuanzia 2007 hadi 2016, virutubisho, yani hizi sapulimenti za makopo, 776 vilivyokutwa na dawa iliyofichwa. Namba moja zilikuwa za nguvu za kiume, hizo nawaachia mkawaambie waume zenu. Namba mbili ni za kwetu, za kupungua, 317. Katika hizo 317, mia mbili sitini na tisa zilikuwa na sibutramini. Yani ukizipanga kumi mezani, nane au tisa ni ileile dawa iliyofukuzwa, inabadilisha tu jina na rangi ya kopo.

Tena wanaochanganya hawana mizani ya famasi. Wanamwaga unga, wanakoroga, kapsuli moja inapata kidogo, ya pili inapata zaidi ya hata ile 15 niliyowaambia. Ndo maana mtu anakwambia mimi kopo la kwanza nilikuwa sawa, la pili likanishinda. Lebo moja, muuzaji mmoja.

Sasa kuna jamaa wa pili, huyu nimekuja naye. Naomba ile glasi. Asante mama. Humu kwenye glasi ni maji na magadi, magadi yetu yale ya maharage, nimeyatoa jikoni kwangu asubuhi. Mnaona ni maji tu. Hiki kichupa ni cha maabara ya shule. Nani kasoma kemia form three hapa akae karibu. Natia tone moja. La pili.

(Hapo ukumbi uliguna. Yale maji yaligeuka pinki kali, pinki ya kanga mpya.)

Haya dada amepiga kelele "POP!" Ndo yenyewe, POP, ile ya taitresheni, unakaa unasubiri rangi igeuke huku mwalimu anakuangalia. Jina lake refu ni fenolfthalini. Hii nayo iko ndani ya vidonge vya kupungua. Katika zile 317, sabini na tano zilikuwa nayo. Kabla haijawa ya maabara kwenu, huku Marekani ilikuwa dawa ya kuharisha, miaka na miaka inauzwa dukani bila cheti, hadi walipoona panya waliolishwa wanapata uvimbe wa saratani, 1999 FDA wakaitoa kabisa. Sasa mtu kaichukua kitu cha kupimia tindikali kaitia kwenye kapsuli ya mtu anayetaka avae gauni.

Kwa nini waiweke? Mimi nawaza kama mfanyabiashara. Sibutramini inafunga choo, niliwaambia siku nne. Mteja wako asipoona mzani umeshuka mapema atasema umemtapeli. Ukimtilia ya kuharisha, siku mbili kilo mbili zimekwenda, anapiga picha ya mzani anaituma kwenye grupu. Lakini kilichotoka ni maji mama, mafuta yako yamekaa palepale yanakuangalia. Na maji hayatoki peke yake, yanatoka na potasiamu, na potasiamu ndo inayoushikia moyo mapigo yake. Kwa hiyo unao moyo unaokimbizwa na dawa moja huku dawa nyingine inaunyang'anya kile unachokimbilia. Hizo za kuongeza mkojo nazo zimeshakutwa, ni yaleyale.

Ila msiende nyumbani mkaanza kutia kapsuli kwenye magadi mseme hii safi hii chafu. Kuna mimea inayogeuka nyekundu kwenye magadi bila POP yoyote, na sibutramini haigeuki rangi hata ukiimwagia gunia. Nimeifanya hii ili muione kwa macho, basi. Glasi hiyo naomba isiguswe na watoto, imwagwe.

Mtu ataniuliza, sasa serikali iko wapi? Hii ni Marekani bwana, FDA si wanapima kila kitu? Hapana, na hapa wengi wetu tunaponzwa. Kuna sheria ya 1994, hiyo inasema virutubisho haviombi ruhusa kabla ya kuuzwa. Dawa inathibitisha kwanza ndo inauzwa, kirutubisho kinauzwa kwanza, FDA wanakuja nyuma kikishaumiza mtu. Yale maneno madogo chini ya kopo yenye neno FDA ukiyasoma yanasema FDA hawajayatathmini haya tunayoyadai. Mtu anaona FDA tu anasema si umeona imepitishwa! Na lile la "kiwanda kimesajiliwa FDA" kusajili ni kuandika jina na anuani, kama ulivyosajili laini ya simu, hakuna aliyekuja kuonja.

Na hata wakikamata. Daktari mmoja wa Massachusetts, Pieter Cohen, na wenzake walinunua virutubisho 27 ambavyo vilishatangazwa virudishwe, si chini ya miezi sita imepita tangu vitangazwe, wakavipima. Kumi na nane bado vilikuwa na dawa ndani. Walichapisha 2014. Kwa hiyo ukisikia "hilo lilishakamatwa limerekebishwa" we endelea kuuliza.

Huyu Cohen alivyoingia kwenye mambo haya mtampenda. Alikuwa anatibu wahamiaji, Wabrazili waliojaa kule upande wa Boston, watu kama sisi, wasafisha ofisi, wapishi, walezi wa wazee. Wanakuja moyo unakwenda mbio, hawalali, vichwa vinauma, ukiwauliza wanatumia dawa gani hawana. Kumbe wanavyo vidonge vya kupungua vya kutoka kwao Brazili, vinakuja kwenye mabegi ya shangazi na mjomba. Ndani yake kuna fenproporeksi, hiyo ikiingia mwilini inageuka amfetamini, tena imechanganywa na dawa ya kutuliza na dawa ya huzuni humohumo. Mkojo ukipimwa unasoma amfetamini. Nyie mnajua hapa kazi zetu za nesi eidi, za maghala, za udereva, kikombe cha mkojo unapewa siku yoyote. Sasa mweleze bosi kwamba ni majani.

Nawaambia hili kwa sababu na sisi mabegi yetu yana shughuli. Kutoka nyumbani yanakuja na yale ya Kariakoo, kurudi nyumbani yanakwenda na ya hapa, na kule likishasemwa limetoka Marekani hakuna anayeuliza tena. Shangazi yako ana miaka 60 ana presha, anameza vidonge vyake kila asubuhi, we umempelekea zawadi ya kopo. Presha ikimpanda daktari wake atamwongezea dozi, atamwongezea tena, atashangaa huyu mama ana nini. Hamwoni mtu wa tatu aliyeko pale chumbani. Na kina dada mliojifungua juzi, nawaona hapo na vichanga vyenu, najua mnavyosemwa kuhusu tumbo, mama mkwe anasema, mume anatania, sasa mtoto ananyonya na wewe unameza kitu usichojua jina lake.

Halafu kuna hili la majina ya mizizi. Wa Meksiko wana mti unaitwa tejocote, na mzizi wake unauzwa onlaini kwa ajili ya kupungua. Septemba 2022 mtoto mdogo, hajafika hata miaka miwili, New Jersey, alimeza ya nyumbani kwao, akakimbizwa hospitali moyo unapiga taratibu kupita kiasi. Wakanunua bidhaa kumi za tejocote wakazipima. Tisa hazikuwa tejocote kabisa, ulikuwa ni mti mwingine, yellow oleander wanauita. Nilipoangalia picha yake nikashtuka, jamani si ule mti tuliokuwa nao Tanga pembeni ya uzio! Maua ya njano kama kengele, tunda lake la kijani lina mgongo. Bibi alikuwa hataki tuchezee hata majani yake, akiona tumechuma ua tunaoshwa mikono kwa sabuni na kofi juu. Una sumu inayoingia moja kwa moja kwenye moyo. Bibi hakusoma lakini alikuwa anaujua, na sisi tumesoma tunaununua kwa dola.

Za sindano za kupungua nazo, maana najua swali linakuja. Zile za daktari za sasa ni dawa kweli, zina cheti, ongea na daktari wako kama zinakufaa na bima yako inasemaje. Ila za kwenye saluni na za kwenye inboksi, hapana. Desemba 2023 FDA walikamata maelfu ya sindano bandia za Ozempic, dawa ya kisukari watu wanayoitumia kupungua, ambazo zilishaingia hadi kwenye njia halali za usambazaji huku Marekani. Kama njia halali iliingiliwa, hiyo ya inboksi ikoje.

Sasa unafanyaje. Kwanza kama unayo nyumbani usitupe. Najua utasikia aibu utataka uifiche kwenye takataka, mimi ya kwangu niliitupa ndo maana sitakaa nijue. Acha kumeza, ifunge kwenye mfuko, siku hiyohiyo mwambie daktari au njoo famasi, leta kopo lenyewe, na kama umekuwa unatumia miezi hilo la kuongea na daktari ni la lazima kwa sababu kuna zingine mwili unazizoea na ukiacha ghafla unasumbua. Moyo ukienda mbio vibaya, kifua kikibana, ukizimia, usimpigie aliyekuuzia, piga 911. Kuna namba ya sumu 1-800-222-1222, ya bure, usiku na mchana, hawaulizi makaratasi yako ya uhamiaji, na ukisema unataka Kiswahili wanatafuta mkalimani. FDA wana sehemu ya kuripoti inaitwa MedWatch, nitamsaidia yeyote kujaza, ni dakika chache. Nyumbani Tanzania ni TMDA, mamlaka ya dawa, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board.

Na wewe unayeuza, nakuomba usinikasirikie. Nakuuliza tu, anayekuletea wewe, ulishamuuliza nani anachanganya? Akikwambia ni siri ya kiwanda basi ujue na wewe unafichwa.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki ndo nilichokuja nacho tangu mwanzo. Mnaniambia sana, dada mbona mwenzangu imemsaidia? Naamini imemsaidia. Mimi imenisaidia, niliingia kwenye lile gauni. Chai ya tangawizi ukinywa ukapungua robo kilo kwa mwezi siwezi kukusumbua. Lakini kopo linalokata njaa siku ya pili, linalokausha mdomo, linalokukesha, hilo limekwambia lenyewe lina nini, hata kama lebo imenyamaza. Mnasema inafanya kazi kama mnaisifia. Mimi nikisikia hivo nasikia kama mtu ananiambia moshi unatoka dirishani.

Maswali?

(Yaliulizwa mengi, naandika mawili.)

Mama mmoja wa Bukavu aliuliza, nikiacha kumeza, nitanenepa tena? Nilitaka nimwambie maneno mazuri lakini nikamwambia ndiyo mama, nyingi ya hizo kilo zitarudi, zile za maji zitarudi wiki hiyohiyo. Akatikisa kichwa, akasema basi hata hilo hakuna aliyetuambia.

La pili lilitoka kwa binti, sidhani hata kama amefika miaka 20, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho na simu mkononi. Aliuliza, ulipendeza lakini? Ukumbi wote ukacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia nilipendeza. Picha ipo mpaka leo sebuleni kwa mama Tanga, kwenye fremu ya dhahabu, gauni limenikaa kama limemwagiwa, kila mgeni akija anasifia. Mimi nikienda huwa nakaa kiti cha upande ule mwingine nisiiangalie sana, maana naona yale macho yalivyotoka, macho ya mtu ambaye hajalala siku kumi na moja.

Akanyamaza kidogo halafu akaja mbele na pochi yake. Alilitoa kopo mwenyewe, la kijani, limebaki nusu.